Barnaba Yupi? Waraka Unaonukuliwa Mihadharani Bila Kusomwa

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya dini linganishi imekuwa sehemu ya da'wa katika miji ya Tanzania, na Moshi haikubaki nyuma. Mafunzo ya Sheikh Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2005, yaliwafikia wahubiri wetu kwa vitabu na kanda, nao wakajifunza kusimama mbele ya hadhara wakiwa na Biblia mkononi. Hatukanushi kheri iliyopatikana. Wapo Waislamu waliokuwa wakiinamisha vichwa shuleni na makazini, wakapata ujasiri wa kuitetea dini yao. Lakini kheri haihalalishi kosa, na kosa tunalotaka kulizungumza limekwisha kuwa mazoea: mtu kunukuu kitabu ambacho hajakisoma.

Kitabu chenyewe huitwa kwa mkato "Barnaba". Utamsikia mhubiri akisema kwamba Barnaba, mwanafunzi wa kweli wa Nabii Isa (A.S.), aliandika kitabu kinachokana kusulubiwa, kinachoharamisha nguruwe na kinachowajibisha tohara, kwamba kitabu hicho kimo ndani ya Biblia kongwe iliyopatikana katika mlima Sinai, na kwamba Kanisa lilikificha. Hadhara hupiga takbira. Ukweli ni kwamba maneno hayo yamechanganya vitabu viwili visivyo na nasaba, na kila kimoja kikisomwa peke yake hakimfai aliyekinukuu.

VITABU VIWILI, JINA MOJA

Cha kwanza ni Injili ya Barnaba, kitabu chenye sura 222. Hati yake ya mkono inayojulikana zaidi imeandikwa kwa Kiitaliano na imehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Vienna, Austria. Wataalamu walioichunguza karatasi yake wanaihesabu kuwa ya mwishoni mwa karne ya 16. Lonsdale Ragg na Laura Ragg waliitafsiri kwa Kiingereza na kuichapisha Oxford mwaka 1907. Mwaka uliofuata Khalil Saada aliitafsiri kwa Kiarabu, ikatolewa Cairo na jumba la al-Manar pamoja na utangulizi wa Sheikh Muhammad Rashid Rida. Kwa mlango huo ndipo ilipoingia katika maktaba zetu.

Cha pili ni Waraka wa Barnaba, barua ya Kigiriki yenye sura 21 tu, iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hati ile ya Kiitaliano. Huu ndio uliomo katika hati ya Sinai, ambayo Constantin von Tischendorf aliipata katika monasteri ya Mtakatifu Katerina mwaka 1859. Hati hiyo ni ya karne ya 4, na sehemu yake kubwa imo London tangu serikali ya Kisovieti ilipoiuza mwaka 1933. Waraka umewekwa mwishoni, baada ya kitabu cha Ufunuo.

Kwa hiyo anayesema kwamba "Barnaba wa Sinai" anakana msalaba ameyachukua maneno ya kitabu cha karne ya 16 akayavika umri wa kitabu cha kale. Je, muhadithi angelikubali mtu achukue matini ya hadithi mauudhu na kuipachika isnadi ya hadithi sahihi? Tendo hilo lina jina lake katika elimu ya hadithi, na si jina zuri.

INJILI YA BARNABA INAGONGANA NA QUR'AN

Wapo watakaosema: basi tuache Waraka, tubaki na Injili ya Barnaba, maana yenyewe imemtaja Mtume Muhammad (S.A.W.) kwa jina. Ndugu zangu, hebu tuipime kwa kipimo chetu wenyewe kabla ya kupimiwa na wengine.

Qur'an Tukufu inamwita Isa mwana wa Maryam kuwa ni Masihi, kama ilivyo katika Surat Aali Imran aya ya 45. Injili hiyo inamfanya Isa akane kuwa yeye ni Masihi na kulihamishia jina hilo kwa Muhammad (S.A.W.). Qur'an inatueleza katika Surat Maryam aya ya 23 kuwa uchungu wa kuzaa ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende. Injili hiyo inasema alijifungua bila uchungu. Qur'an inataja mbingu saba. Injili hiyo inazihesabu tisa. Tena inamsafirisha Nabii Isa kwa jahazi mpaka Nazareti, mji ulio juu ya vilima, mbali na ziwa.

Kitabu kinachogongana na Qur'an katika mambo ya wazi namna hii kitakuwaje ushahidi wa Qur'an? Wala shaka hii haikuletwa na maadui wa Uislamu. Abbas Mahmud al-Aqqad wa Misri, aliyeandika vitabu vingi kuutetea Uislamu, alieleza wazi mashaka yake juu ya kitabu hicho. Elimu ilimzuia kukipokea kwa sababu tu kilisema alichopenda kukisikia.

WARAKA: ASILI YAKE NA MPANGILIO WAKE

Turejee kwenye Waraka, kwa kuwa ndio wenye umri na ndio unaostahiki kusomwa kwa makini.

Kwanza, nani aliuandika? Ndani ya matini yake jina la Barnaba halimo hata mara moja. Limo katika anwani na katika mapokeo ya baadaye. Klementi wa Iskandaria, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, aliunukuu akiamini ni wa Barnaba mwenyewe, yule Mlawi wa Kupro anayetajwa katika Matendo ya Mitume 4:36. Eusebi wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliuweka miongoni mwa vitabu visivyokubaliwa. Mwandishi anazungumzia kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu, jambo lililotokea mwaka 70. Wataalamu wengi wanauweka Waraka baada ya mwaka huo na kabla au karibu ya vita vya Wayahudi na Warumi vya mwaka 132 hadi 135. Kwa istilahi yetu, mwandishi ni majhul.

Pili, umepangwaje? Kwa muda mrefu wasomi walidhani ni mkusanyiko wa vipande visivyoungana. Pierre Prigent, katika utafiti wa mwaka 1961, alionesha kuwa nyuma yake kuna mafungu ya nukuu za Agano la Kale yaliyokuwa yakitumika kabla ya mwandishi. James Carleton Paget mwaka 1994 na Reidar Hvalvik mwaka 1996 waliuchambua upya. Kwa Hvalvik kiini chake ni ugomvi mmoja: Maandiko na Agano ni mali ya nani, Wayahudi au Wakristo?

Ukiusoma kwa jicho hilo mpangilio unaonekana. Sura ya 1 ni salamu. Sura ya 2 na ya 3 zinabatilisha dhabihu na kufunga kwa namna ya Kiyahudi. Sura ya 4 inadai kwamba Wana wa Israili waliupoteza Agano pale Nabii Musa (A.S.) alipozivunja mbao kwa sababu ya ndama. Kuanzia ya 5 hadi ya 8 ni mateso ya Yesu na mifano yake katika Taurati. Ya 9 ni tohara, ya 10 ni vyakula, ya 11 na ya 12 ni maji ya ubatizo na msalaba, ya 13 na ya 14 ni warithi wa Agano, ya 15 ni Sabato, ya 16 ni Hekalu, na ya 17 inafunga hoja. Sura za 18 mpaka 21 zinageukia jambo jingine kabisa: mafundisho ya Njia Mbili, ya nuru na ya giza.

WANAYEMDHANI SHAHIDI NI MPINZANI

Sasa tuulize: Waraka huu unasema nini juu ya yale wahubiri wetu wanayoyatafuta?

Juu ya msalaba, haukani. Unauthibitisha, na kuufanya ndio siri ya Taurati nzima. Katika sura ya 12 unakana kuwa Yesu ni mwana wa mtu na kusisitiza kuwa ni Mwana wa Mungu. Atakayeuleta Waraka huu kuunga mkono aya ya 157 ya Surat An-Nisaa ameleta mkuki wa kujichomea.

Juu ya tohara, sura ya 9 inadai kwamba tohara ya mwili haikukusudiwa na Mwenyezi Mungu, bali malaika mwovu aliwapotosha Wayahudi wakaifahamu hivyo. Mwandishi anaongeza kuwa tohara haiwezi kuwa muhuri wa Agano, kwani Washami na Waarabu na makuhani wa masanamu nao wanatahiriwa. Halafu anatoa hoja anayojivunia kuliko zote: Nabii Ibrahim (A.S.) aliwatahiri watu 318 wa nyumbani kwake, na idadi hiyo kwa herufi za Kigiriki ni iota yenye thamani ya 10, eta yenye thamani ya 8, na tau yenye thamani ya 300. Herufi mbili za mwanzo ndizo zinazolianza jina la Yesu kwa Kigiriki, na tau ina umbo la msalaba.

Hebu tusimame hapa. Nabii Ibrahim hakuzungumza Kigiriki, na Taurati haikuteremshwa kwa Kigiriki. Isitoshe, idadi ya 318 imo katika Mwanzo 14:14, wanapotajwa watu waliokwenda vitani kumwokoa Lut, na amri ya tohara imo katika sura ya 17 ya kitabu hichohicho. Mwandishi amechukua tarakimu huku na hukumu kule, akazifunga pamoja kwa herufi za lugha ya tatu.

Juu ya nguruwe, hapa ndipo watu wa Kilimanjaro wanapopaswa kusikiliza vizuri. Sura ya 10 inasema kwamba Musa hakukusudia nyama. Alikusudia kutuonya tusiandamane na watu wanaofanana na nguruwe: wakishiba humsahau Mola wao, wakishikwa na njaa humlilia. Ndege wawindao ni mfano wa wanyang'anyi, samaki wa kina kirefu ni mfano wa waovu waliokwisha hukumiwa, na mnyama anayecheua ni mfano wa mtu anayelitafakari neno la Mungu. Kwa mujibu wa Waraka, Wayahudi walioacha nyama ya nguruwe walifanya hivyo kwa kufuata tamaa ya mwili na kukosa ufahamu.

Fikirini maana yake huku kwetu. Katika kihamba kimoja wanaishi ndugu Muislamu na ndugu Mkristo, watoto wa babu mmoja. Mwezi wa Desemba ukoo hukusanyika kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Katika harusi na misiba mnyama huchinjwa na Muislamu ili wote wapate kula, na nyama ya nguruwe, maarufu kwa jina la kitimoto, inauzwa si mbali na hapo. Kijana wetu akisimama mbele ya wajomba zake na kudai kwamba Waraka wa Barnaba unaharamisha nguruwe, itakuwaje iwapo binamu yake anasoma katika Seminari Kuu ya Kibosho au chuo cha theolojia cha Makumira? Binamu atafungua sura ya 10 na kuisoma kwa sauti. Kijana atakuwa amemkabidhi hoja kongwe ya kuhalalisha nguruwe, na aibu hiyo haitamwangukia yeye peke yake.

Tusijidanganye kwamba hawa hawasomi. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika mwaka 1893, na tangu hapo shule zao hazijapungua mlimani. Theolojia yao wanaifuata mpaka kwenye Kigiriki, lugha ya Waraka huu. Sisi tunawajibu kwa maneno ya kusikia?

TUNACHOWEZA KUSEMA KWA HAKI

Muulizaji atauliza: Je, hatubaki na hoja? Tunabaki nayo, tena yenye nguvu zaidi kwa sababu ni ya kweli.

Hoja ya kwanza ni kwamba orodha ya vitabu vya Agano Jipya ilichukua muda kukubaliwa. Hati ya Sinai ina Waraka wa Barnaba pamoja na Mchungaji wa Herma, vitabu visivyomo katika Biblia ya leo. Orodha ya vitabu 27 kama ilivyo sasa ilitajwa na Athanasi wa Iskandaria katika barua yake ya mwaka 367. Haya wanayakiri wasomi wao. Lakini tusivuke mpaka: kuwemo ndani ya hati moja hakuthibitishi kwamba Wakristo wote waliukubali, na tumekwisha ona msimamo wa Eusebi.

Hoja ya pili ni ya njia ya kufasiri. Waraka huu unaonesha jinsi sheria iliyo wazi inavyoweza kufutwa kwa taawili. Mambo ya Walawi sura ya 11 inataja kwato, kucheua, na kutogusa mizoga. Ni hukumu ya wanyama, si fumbo la tabia za watu. Wanachuoni wetu waliijua njia hiyo ya batini na wakaikabili ndani ya umma wenyewe. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliandika kitabu kizima kuwafichua Mabatini. Basi mtu akisema mbele yetu kwamba uharamu wa nguruwe ni mfano tu, tumuulize: ni kipi katika sheria kitakachosalia ikiwa kila amri inaweza kugeuzwa mfano? Swali hili linamgusa pia yule Muislamu anayedai kwamba swala ni usafi wa moyo tu na hijabu ni haya tu.

Hoja ya tatu ni ya uadilifu. Waraka unawanyang'anya Wayahudi Agano zima na kuwafanya kuwa watu waliopotoshwa tangu mwanzo. Qur'an inawalaumu waliokosa, na inawasifu waliosimama katika haki miongoni mwa Ahlul Kitabi, kama ilivyo katika Surat Aali Imran aya ya 113. Surat Al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Kama tutausoma Waraka kwa furaha kwa sababu tu unawashambulia Wayahudi, tutakuwa tumeacha mizani ya Qur'an na kushika mizani ya mwandishi huyo majhul.

NJIA MBILI

Sehemu ya mwisho ya Waraka ni hazina ambayo wahubiri wetu hawaigusi. Tafsiri ya kale ya Kilatini inaishia sura ya 17. Mafundisho ya Njia Mbili yamo pia, kwa mpangilio mwingine, katika kitabu cha Didake. Hati ya kitabu hicho iligunduliwa na Philotheos Bryennios mjini Istanbul mwaka 1873, naye akakichapisha mwaka 1883. Na katika hati zilizoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, kuna mafundisho ya Kiyahudi yanayofanana nayo juu ya roho mbili, ya nuru na ya giza. Ndiyo maana wasomi husema sehemu hii ni kongwe kuliko Waraka wenyewe.

Inafundisha nini? Inakataza kutoa mimba na kuua mtoto aliyezaliwa. Inaamrisha kuwafunza watoto kumcha Mungu tangu udogoni, kutoa bila kunung'unika, kuwapatanisha waliogombana, na kuikumbuka Siku ya Hukumu usiku na mchana. Inawaweka katika njia ya giza wanaomsahau mjane na yatima, na wanaowatetea matajiri huku wakiwahukumu maskini kwa dhulma. Msomaji wa Surat Al-Balad atakumbuka kwamba Allah (S.W.) alimuonesha mwanadamu njia mbili, na kwamba kupanda kule kugumu ni kumwacha huru mtumwa na kumlisha yatima na maskini siku ya njaa. Hatusemi kwamba huyu kachukua kwa yule. Tunasema kwamba katika mambo haya tunalo neno la kuzungumza na jirani zetu Wakristo pasi na kelele.

WAJIBU WETU

Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe Ahlul Kitabi katika yale tusiyokuwa na dalili juu yake. Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuthibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na Abdullah bin al-Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini. Tazameni pia Surat Aali Imran aya ya 93: katika mjadala wa vyakula, Allah (S.W.) alimuamrisha Mtume wake awatake wapinzani wailete Taurati na waisome. Matini iletwe, isomwe, ndipo hoja isimame. Hiyo ndiyo adabu ya Qur'an katika mjadala.

Kwa hiyo tunawausia maimamu wa Moshi na wa misikiti ya mlimani mambo matatu. Asipandishwe jukwaani mhubiri anayenukuu kitabu ambacho hajakisoma chote. Madrasa zetu ziwafunze wanafunzi wakubwa misingi ya kuhakiki matini, maana elimu ya hadithi imekwisha wapa ufunguo. Na wachaguliwe vijana wawili watatu wenye akili, wagharimiwe na waumini wasome Kigiriki na Kiebrania kama wanavyosoma Kiarabu, ili siku moja mmoja wao aweze kuufungua Waraka huu kwa lugha yake.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawavunja nguvu wahubiri. Anayevunjwa nguvu na ukweli alikuwa amesimama juu ya kitu kingine. Uislamu haukungoja hati ya Vienna wala ya Sinai ili uwe haki. Nguruwe ameharamishwa katika Surat Al-Maida aya ya 3, na hilo linamtosha Muislamu. Anayetaka kumfikishia jirani yake ajumbe huo, na aufikishe kwa hekima na mawaidha mema, kwa kitabu alichokisoma.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, hata inapotoka katika vinywa vyetu. Wabillahi tawfiq.